Uliza Uchawi Hauwezi Nini: Kuipima Manga ya Upelelezi, Mizuka na Kisasi

Mwaka 1929 padri wa Kiingereza aitwaye Ronald Knox aliandika kanuni kumi za hadithi ya upelelezi. Ya pili inafukuza mambo yote ya ghaibu. Ya kumi inakataza mapacha na watu wa kufanana kujitokeza kabla msomaji hajaandaliwa. Ukizifuata kanuni hizo mbili kama zilivyo, haitasalimika hata manga moja ya aina ninayoipenda kuliko zote: ile ambamo uhalifu una mkono wa mzuka, marehemu ni dada au kaka wa mtu, na anayemsaka muuaji hana nia ya kumfikisha mahakamani. Lakini Knox alikuwa na hoja. Msomaji aliyekesha akipima nani alikuwa wapi na saa ngapi anadhulumiwa akija kuambiwa, ukurasa wa mwisho, kwamba jini ndiye aliyefanya.

Kwetu mvutano huu si mgeni. Katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, maiti inapatikana mzimuni, na kazi yote ya mpelelezi Bwana Msa ni kukataa kuibebesha mizimu dhambi ya binadamu. Wachora manga wa Japani walishika njia nyingine. Wao wanamkubali mzuka, wanamkaribisha ndani, kisha wanamfunga kwa sheria. Kwa hiyo ninapofungua juzuu ya kwanza ya manga ya aina hii, swali langu la kwanza ni moja: uchawi huu hauwezi nini? Mwandishi asiye na jibu atanidanganya mbele ya safari, hata kama leo anachora vizuri kiasi gani.

Chukua Death Note ya Tsugumi Ohba na mchoraji Takeshi Obata, iliyotoka kati ya mwaka 2003 na 2006. Daftari la mungu wa kifo linaua kila ambaye jina lake limeandikwa humo, mradi mwandikaji awe na sura ya mtu huyo akilini. Ukisikia hivyo utadhani hadithi imekwisha, kwani nani atamkamata muuaji asiyegusa mtu? Sasa tazama mpelelezi L anavyoingia. Mtu mmoja anajitokeza kwenye televisheni, anajitambulisha kwa jina Lind L. Tailor, anatangaza kwamba matangazo haya yanakwenda dunia nzima moja kwa moja, kisha anamtukana muuaji. Light Yagami, mwenye daftari, anakasirika, anaandika jina, na mtu yule anaanguka mbele ya kamera. Hapo skrini inabadilika, inabaki herufi moja, na sauti inaeleza kwamba aliyekufa alikuwa mfungwa aliyepangiwa kunyongwa siku hiyo hiyo. Matangazo hayakwenda dunia nzima. Yalirushwa eneo la Kanto peke yake, kwa sababu marehemu wa kwanza katika mlolongo huu alikuwa mhalifu mdogo wa Shinjuku ambaye habari zake hazikuvuka mipaka ya Japani. Kisha L anamchokoza muuaji amuue na yeye. Hakuna kinachotokea. Kwa mtego mmoja mpelelezi amejua muuaji anaishi upande gani wa nchi, kwamba anaua bila kumkaribia mtu, na kwamba wapo asioweza kuwaua. Ukomo wa uchawi umegeuka kuwa alama ya kidole. Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona tukio jingine linalokifikia kwa usafi wake.

Ukomo unaweza kuwa bei. Katika Zetsuen no Tempest, iliyotungwa na Kyo Shirodaira pamoja na Arihide Sano na kuchorwa na Ren Saizaki katika jarida la Monthly Shonen Gangan kuanzia mwaka 2009, uchawi wa Mti wa Mwanzo unadai sadaka ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu. Kila muujiza unakula kipande cha ustaarabu. Unaweza pia kuwa muda. Katika Summer Time Rendering ya Yasuki Tanaka (2017 hadi 2021), kijana Shinpei akiuawa anarudi nyuma siku chache, akiwa na kumbukumbu zake zote. Hapo ningeifunga juzuu, maana shujaa anayeweza kujaribu milele hana cha kuogopa. Lakini kila anapokufa, mahali anaporudi panasogea mbele. Kuna asubuhi ambayo hataiona tena, na aliyekufa kabla ya asubuhi hiyo amekwenda moja kwa moja. Zaidi ya hapo, adui naye anaanza kujua kwamba kuna mtu anayerudi.

Linganisha na Oshi no Ko ya Aka Akasaka na Mengo Yokoyari, iliyokamilika Novemba 2024. Nusu yake ya kwanza ina upelelezi wa kweli: Aqua, aliyezaliwa upya kama mtoto wa mwanamuziki ambaye baadaye aliuawa, anakusanya vinasaba vya watu wa tasnia ya burudani mmoja mmoja akimtafuta baba yake, ambaye anaamini ndiye aliyepanga mauaji. Hiyo ni kazi, na inachosha kama kazi. Kisha anaingia binti wa ajabu mwenye kunguru, anayejua kila kitu, na kunguru anamwongoza dada wa Aqua, Ruby, hadi kwenye mabaki ya daktari aliyetoweka, mtu aliyekuwa na maana kubwa kwake. Ugunduzi mzito kuliko wote katika maisha ya Ruby ameletewa mkononi. Hatuambiwi binti yule anajua mpaka wapi, anaruhusiwa kusema nini, na kwa nini hakusema mapema. Kuanzia hapo niliisoma kwa mapenzi ya wahusika tu. Kesi yenyewe ilikuwa imelegea.

Sasa tugeukie mkono wa mchoraji, maana manga ni ukurasa kabla haijawa hadithi. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo fremu ya chini kabisa kushoto ndiyo ya mwisho kuonekana kabla hujafungua ukurasa unaofuata. Fundi anaijua thamani ya kona ile. Anaweka pale uso uliogeuka, mlango uliofunguka kidogo au swali lisilojibiwa, na jibu analiweka upande wa pili wa karatasi, juu kulia, kubwa. Fundi hafifu anaweka jibu kwenye ukurasa wa kushoto uliokwisha kuonekana, na jicho lako linaliiba kabla hujasoma swali. Anayesoma kwa simu, ukurasa mmoja mmoja, anapoteza sehemu ya mpango huu. Nakushauri ulaze simu na ufungue kurasa mbili kwa pamoja, hasa sura inapokaribia mwisho.

Pima pia kama ushahidi umechorwa au umesemwa tu. Mwandishi wa riwaya akitaka kuficha kisu lazima akitaje, na kutaja ni kukionyesha. Mchoraji ana nafasi ya kukiacha mezani kati ya vikombe huku wahusika wanaongea jambo jingine. Manga nzuri ya upelelezi inakuruhusu kurudi nyuma ukaone kwamba kitu kilikuwapo. Ukirudi na usikikute, umeibiwa. Summer Time Rendering inanipendeza hapa kwa sababu adui zake ni vivuli vinavyonakili watu: sura, nguo, kumbukumbu, hata mazoea. Kivuli chenye sura ya jirani kinaweza kukusalimu asubuhi. Tanaka anavunja kanuni ya pili na ya kumi ya Knox kwa pigo moja, lakini anamtendea haki msomaji: kisiwa ambamo hadithi inatokea kina simulizi ya kale kwamba anayeona nakala yake mwenyewe atakufa, na tunaisikia mapema kabisa. Tumeandaliwa. Baada ya hapo kila salamu kwenye fremu inakuwa ya kukaguliwa, nami nilijikuta nikitazama ardhi chini ya miguu ya watu kuliko nyuso zao.

Kuhusu wingi wa maneno nitasema kidogo tu. Wapo wasiopenda viputo vilivyojaa maelezo, lakini katika aina hii maneno mengi si kosa. Mabishano marefu ya Zetsuen no Tempest kuhusu binti wa kichawi Hakaze, ambaye anaongea na wenzake kutoka kisiwani huku mpinzani wake akionyesha mifupa ya Hakaze, ni watu kusimama na kujadiliana, sura baada ya sura, na yanasisimua kwa sababu kila hoja inamfungia mtu mlango. Maneno yanakuwa mzigo pale yanapoeleza tulichokwisha kukiona.

Kisasi ndipo manga nyingi zinapoangukia pua. Hasira ni rahisi kuchora: meno, mishipa, wino mweusi nyuma ya kichwa. Kigumu ni kumchora marehemu. Mimi huhesabu marehemu anaongea mara ngapi kabla na baada ya kufa, na anaongea nini. Kama kazi yake ni kutabasamu kwenye picha ya ukumbusho, kisasi kile hakina uzito, kwa sababu hatujui ni nini hasa kimepotea. Katika Zetsuen no Tempest, Mahiro Fuwa anamtafuta aliyemuua Aika, dada yake wa kambo. Aika anarudi tena na tena katika kumbukumbu: mkali wa ulimi, mpenda tamthilia za Shakespeare, mwenye kiburi, anayemchoka kaka yake waziwazi. Wakati mwingine huwezi kumpenda. Ndiyo maana unamkosa. Na rafiki wa Mahiro, Yoshino, aliyekuwa mpenzi wa Aika kwa siri, anaandamana naye safari nzima bila kusema, wakati Mahiro anamshuku mpenzi huyo asiyemjua kuwa huenda ndiye muuaji. Upelelezi na maombolezo vimefungwa kwenye siri moja. Ukiitoa siri hiyo, vyote viwili vinaporomoka. Huo ndio muundo uliopangwa.

Swali la pili kuhusu kisasi: je, mlipizaji naye ana mtu anayemdai? Hapa sijaona kinachoipita Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa (2001 hadi 2010), ingawa ni jirani tu wa aina hii. Scar anawaua wanaalkemia wa serikali kwa mkono wa kulia ambao ni wa kaka yake, aliyempa akiwa anakufa katika vita vya Ishval. Lakini miongoni mwa aliowaua wamo madaktari wawili waliomtibu, na binti yao, Winry, siku moja anajua. Anaokota bastola. Arakawa hapeleki tukio mbio: mikono inatetemeka, Scar mwenyewe anakubali kwamba binti ana haki ya kufyatua, na Edward, shujaa wa hadithi, anajiweka katikati. Mtu aliyebeba mkono wa kaka yake kama silaha anatazamwa na mtoto wa watu aliowaua. Hakuna mhusika anayetuhutubia, na hakuhitajiki hotuba.

Udugu nao upimwe kwa vitendo vidogo, maana kiapo cha kaka kumlinda dada kila mtunzi anakiweza. Katika Summer Time Rendering yumo Hizuru Minakata, mwanamke aliyerudi kisiwani na nyundo kubwa kuwasaka vivuli. Mdogo wake, Ryunosuke, aliuawa na kivuli miaka 14 kabla, na tangu hapo nafsi ya Ryunosuke inaishi ndani ya mwili wa dada yake. Wanapeana zamu. Hizuru anaandika riwaya, na jina analoandikia ni la mdogo wake. Tanaka angeweza kutupa kurasa nyingi za machozi. Badala yake anatuonyesha jinsi mtu mmoja anavyobadilisha namna ya kusimama kulingana na nani yuko zamu, na jinsi ambavyo hawa wawili wanaoishi pamoja kuliko ndugu wote duniani hawawezi kutazamana. Tumerudi kwenye swali la mwanzo: uchawi umempa Hizuru mdogo wake, na kuna kitu hauwezi kumpa.

Majin Tantei Nogami Neuro ya Yusei Matsui (2005 hadi 2009) inalipa swali hilo jibu la ajabu. Neuro ni pepo anayekula mafumbo, mwenye vifaa 777 vya kuzimu vya kumaliza kesi yoyote. Kama upelelezi mtupu, haikutendei haki hata kidogo. Lakini asichokiweza pepo huyo ni kuelewa kwa nini mtu aliua, na hapo ndipo msichana Yako, aliyempoteza baba yake kwa mauaji, anapogeuka kuwa mpelelezi wa kweli.

Ambaye hajamaliza Zetsuen no Tempest aishie hapa, kwa sababu kipimo cha mwisho ni suluhisho, na siwezi kulisifu bila kulitaja. Muuaji wa Aika ni Aika mwenyewe. Alikuwa mchawi wa mti wa pili, unaopingana na Mti wa Mwanzo, akafa kwa hiari yake ili mambo yafuate mkondo aliouamini. Mtunzi hafifu angeitumia habari hii kama ngumi ya kushtukiza. Shirodaira ameitayarisha tangu juzuu za mwanzo, katika kila kumbukumbu ambamo Aika anaongea kama mtu anayeijua sehemu yake katika tamthilia. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna mgeni aliyeingia mwishoni, na sheria za uchawi zimebaki zile zile tulizopewa. Mahiro amevuka nchi nzima na amewasumbua wachawi, na sasa hana wa kumpiga. Kisha inambidi yeye na Yoshino wakae na kumzungumzia Aika, kwa mara ya kwanza, kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja.