Nani Anamshtaki Misra?

Anayemaliza kusoma Maps, riwaya ya Nuruddin Farah ya mwaka 1986, hubaki na swali moja linalozua ubishi: je, Misra, mlezi wa mhusika mkuu, aliwauza wapiganaji wa Kisomali kwa jeshi la Ethiopia? Wengine husema alisaliti kwa ajili ya mapenzi, maana aliishi na afisa wa Ethiopia. Wengine humtetea kwa machozi. Mimi naona ubishi huo unaanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuuliza Misra alitaka nini, tuangalie mwandishi alivyotufikishia habari zake.

Hii ni riwaya ya kwanza katika utatu wa Blood in the Sun. Gifts na Secrets zilifuata. Mhusika wake mkuu, Askar, ni yatima wa Kallafo, Ogaden, mji ambamo Farah mwenyewe alikulia. Misra, aliyezaliwa na mama Muoromo na baba Mwamhara, ndiye anayemwokota na kumlea. Vita vya 1977 kati ya Somalia na Ethiopia vinawatenganisha, Askar akapelekwa Mogadishu kwa mjomba wake Hilaal. Wanapokutana tena, mlezi huyo ametanguliwa na tuhuma.

Farah anasimulia kwa nafsi tatu. Sura moja inasema "mimi", nyingine "wewe", nyingine "yeye", na zote zinamhusu Askar huyo huyo. Misra hapewi hata sura moja ya kusimulia mwenyewe. Kila anachokanusha kinatufikia kupitia kijana aliyempenda kama mama, kisha akamwogopa. Na tukio lenyewe la usaliti halionyeshwi popote. Tunapewa idadi ya waliouawa, tunapewa fununu, tunapewa afisa aliyekuwa naye. Usiku wa kitendo chenyewe haumo kitabuni. Pengo hilo limeachwa kwa makusudi, na msomaji hulijaza kwa anachokijua kuhusu asili ya Misra.

Mwishoni ndipo hila ya usimulizi inapofichuka. Misra ameuawa, polisi wamekuja kumhoji Askar, na tunaelewa kwamba zile nafsi tatu ni za mtu anayetoa maelezo yake: ndiye mlalamikaji, mshtakiwa, shahidi na hakimu. Rudi ukurasa wa kwanza ukiwa na habari hiyo, na hata kumbukumbu zake nyororo za utotoni zitasomeka kama ushahidi wa mtu mwenye lake la kulinda.

Msomaji wa Garissa ana sababu ya kukisoma kitabu hiki kwa jicho kali kuliko wengine. Ramani anazozitamani Askar ni za Somalia yenye maeneo matano, yale ya nyota ya bendera, na moja ya pembe za nyota hiyo ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani ardhi hii ya Kenya. Kwa ndoto hiyo watu walipigana vita vya Shifta tangu 1963 hadi mapatano ya Arusha mwaka 1967, na miaka yote hiyo kuzaliwa Msomali kulitosha kumfanya mtu ashukiwe. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na wakazi wakakusanywa wote, mwenye hatia na asiye nayo. Dhamira ya wachache ilihesabiwa kuwa dhamira ya damu nzima. Maps inaigeuza mizani hiyo: safari hii Wasomali ndio wanaoshtaki, na anayehukumiwa kwa kabila la wazazi wake ni mwanamke aliyemnyonyesha mapenzi mtoto wao. Ni uamuzi wa ujasiri kwa mwandishi Msomali, na naamini ndio ulioifanya riwaya hii idumu.

Kasoro ipo. Farah humtwisha Misra ndoto na mafumbo mengi ya damu, mwili na nchi, hata mahali pengine mtu wa kawaida, aliyechoka na mwenye hofu zake, anapotea ndani ya ishara. Sura chache za maisha yake ya kila siku zingeongeza uzito wa kifo chake.

Hata hivyo hukumu yangu ni hii: kwa ushahidi uliomo kitabuni, Misra hana kesi ya kujibu. Walimu wanaoijadili riwaya hii na vijana wa Garissa, Wajir na Mandera waanze na dhamira ya Askar, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kalamu.