Daftari Linaloandikwa Baada ya Wizi

Miaka michache iliyopita kikanisa kimoja tunachofundisha, si mbali na uwanja wa ndege wa Bangboka, kiliibiwa lokole. Ngoma ile ya mti iliwaita watu kwenye Sala tangu siku za babu zetu. Tukaenda polisi. Mkubwa akashika kalamu, akauliza: Ilikuwaje? Mmoja wetu akasema urefu wake hatua mbili. Mwingine akasema, la, moja na nusu. Ufa wake wengine waliuweka kulia, wengine kushoto. Picha? Tulikuwa nazo za arusi, chungu nzima. Katika moja yaonekana pembe ya ngoma nyuma ya bibi arusi. Mwishowe karatasi iliandikwa: «ngoma moja ya mti». Ngoma moja ya mti, katika jimbo zima la Tshopo!

Ndiyo sababu twasoma kwa makini habari za madaftari ya kompyuta, ambayo yasemwa yatazuia wizi wa vitu vya mababu. Twaona yafaa, lakini sifa zake zimezidi kazi yake.

Polisi wa mataifa, Interpol, wana orodha ya vitu zaidi ya 50,000 vilivyoibiwa, na tangu 2021 mtu yeyote aweza kuitazama bure katika simu yake, kwa programu iitwayo ID-Art. Ni kazi njema. Ila orodha hiyo yapokea kitu kinachotambulikana kabisa tu, tena kwa mkono wa wakubwa waliopewa ruhusa. Ngoma yetu isingeingia hata mlangoni.

Kisha, Februari 2022, waziri mkuu wa Ubelgiji wakati ule, Alexander De Croo, alimkabidhi Sama Lukonde, aliyekuwa waziri mkuu wetu, orodha ya vitu yapata 84,000 vya Kongo vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren. Wengi walishangilia, nasi pia. Lakini orodha hiyo yatuambia kilichokwisha kuondoka. Sanamu ya Wambole iliyobaki katika nyumba ya mzee huko Opala haimo, nayo ndiyo iwezayo kuibiwa kesho.

Wala tusidhani ni udhaifu wa maskini peke yao. Mwaka 2023 British Museum ya London ilikiri kwamba vitu vyake yapata 2,000 vimepotea, vimeibiwa au vimeharibiwa. Vingi vilikuwa vidogo, havijaandikwa sawasawa. Mwizi alijua penye pengo.

Mfano mwema twauona pwani ya Kenya. Wamijikenda husimika vigango, nguzo za mti zilizochongwa, kuwakumbuka wafu wao wenye cheo. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mtaalamu wa mila, alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vikaibiwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy akaonyeshwa picha za vitu vya makumbusho, akakitambua kimoja: kilikuwa katika makumbusho ya Illinois. Cha pili kilikuwa katika makumbusho ya Hampton. Mwaka 2007 kigango cha Illinois kilirudi kwa jamaa; mzee mwenyewe alikwisha kufa. Picha ile ilikuwa ya filamu, si ya kompyuta. Nguvu yake ni kwamba ilipigwa kabla ya wizi, nayo yaonyesha kitu, mwenyewe na mahali pake.

Hapo yapo mashaka ambayo wasifuji hawayasemi. Daftari likionyesha kwa watu wote sanamu ipo kijiji gani na nyumba gani, si daftari tena, ni kumwelekeza mwizi njia. Twapendekeza picha na vipimo viwe wazi. Jina la kijiji libaki kwa jamaa na kwa wakubwa wachache. Na vitu vya siri, kama vile vya lilwa ya Wambole, wazee wasishurutishwe kuvitoa nje ili vipigwe picha.

Sisi Wakristu hatuna udhuru. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni 1283, yaamuru wasimamizi waandike hesabu kamili ya mali, hata vitu vya thamani na vya utamaduni, nakala moja ikae kwao na nyingine kwa Askofu. Haihitaji kompyuta. Vikanisa vingapi vyetu vimetii?

Lokole mpya tumekwisha kuiandika: urefu, upana, aina ya mti, picha nne, na ufa mdogo chini ya mguu wa kushoto, maana fundi aliuharakisha mti kabla haujakauka. Mzee aliyeichonga alitutazama tukipima, akauliza: «Mwalimu, na huyo atakayelishika daftari, mwamjua?» Tukamwonyesha nakala mbili, moja akaomba aiweke kwake.