Mnara wa Rangi ya Udongo

Sipendi majengo marefu. Naanza kwa kukiri hivyo ili msomaji ajue mapema ni mtu wa aina gani anayehukumu hapa. Kwa miaka sita nilikuwa karani katika ghorofa ya nane ya jumba moja la vioo mjini Nairobi, ambalo halina haja ya kutajwa. Dirisha letu lilitazama magharibi. Ikifika saa nane mchana tulibandika magazeti kwenye vioo ili tupate kuona tunachoandika, na umeme ulipokatika viyoyozi vikazimika, tulishuka sote kwa ngazi tukakae chini ya mti barabarani. Mti ule ndio uliotufaa kuliko msanifu majengo.

Kutoka pale barabarani niliweza kuuona mnara wa KICC, Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Nilikuwa nimeuona tangu utotoni bila kuutazama. Ulichorwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi serikalini, pamoja na David Mutiso, na ukakamilika mwaka 1973: ghorofa 28, mita 105 hivi, na mgahawa wa kuzunguka karibu na kilele. Mgahawa huo, kwa maoni yangu, ni mbwembwe tu. Lakini tazama madirisha. Yameingizwa ndani, katikati ya mbavu za zege zinazopanda toka chini hadi juu, hivi kwamba kila dirisha lina kivuli chake. Hapa petu karibu na ikweta jua huwa upande wa kaskazini kwa miezi kadhaa, kisha likahamia kusini. Hakuna ukuta unaosalimika. Waliochora mnara huu walilijua hilo. Waliochora jumba letu la vioo walikuja baadaye, na bado hawakulijua.

Halafu kuna rangi. Siku moja nilimpeleka shangazi yangu, aliyefinyanga vyungu maisha yake yote kule Ukambani. Aliusimamia mbali kidogo, akaweka mkono juu ya macho. “Huu umetoka tanuruni,” akasema. Kando ya mnara kuna ukumbi uliochongoka kama pia, na watu huufananisha na kibanda cha Kiafrika. Shangazi hakuona kibanda chochote. Alichokiona ni udongo, nami nadhani alisoma vizuri kuliko vitabu vya watalii.

Ubaya wake hauko katika ramani. Wazo la kwanza lilikuwa makao ya chama cha KANU. Likapanuliwa ili mji uweze kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, Septemba 1973. Katika mkutano huo Robert McNamara, rais wa Benki hiyo, alitoa hotuba yake mashuhuri juu ya umaskini wa kukithiri wa wakulima wadogo. Sikatai maneno yake. Ila kila ninapopita pale huwaza: wakulima waliozungumziwa wangeingilia mlango gani? Kisha kwa miaka mingi jumba likawa mikononi mwa chama, hadi Februari 2003 serikali mpya ilipolitwaa kwa niaba ya umma. Mimi siwezi kuusifu mwanga wa ukumbi nikasahau nani alikuwa na ufunguo.

Tangu mwaka 2019 mnara huu umo katika kila noti mpya ya Kenya, hata ile ya shilingi 50. Watu walibishana mahakamani juu ya sanamu ya Mzee Kenyatta inayoonekana mbele yake. Juu ya mnara wenyewe sikusikia malalamiko. Labda umeshakuwa wetu kwa njia hiyo, kwa kupita mikononi.

Siku ile na shangazi tulilipa kiingilio, tukapanda lifti hadi kwenye paa. Upepo ulimvuta leso. Nilimwonyesha vilima vya Ngong, reli, na kule mbali paa za mabati zikimetameta. Alitazama kidogo tu, kisha akainama kwenye ukingo akichungulia zile mbavu za zege zilivyoteremka.

“Na vumbi la humo ndani ya mifereji,” akaniuliza, “hutolewa na nani?”

Nikaenda kumtafuta askari nimuulize.