Mapenzi ya Roho Zirudizo: Kutoka Siam hadi Kitara

Wenzetu wanaosahihisha insha za kubuni bila shaka wamekwisha kukutana naye. Ni msichana wa siku hizi ambaye hugongwa na gari katika ukurasa wa kwanza, na katika ukurasa wa pili huzinduka ndani ya mwili wa binti wa kifalme wa zamani, akapendwa na mwana wa mfalme aliyekuwa ameapa kumwua. Wanafunzi wetu hukiokota kisa hiki katika tamthilia za kigeni na riwaya za kwenye simu. Hatuna ugomvi na kisa chenyewe. Ugomvi wetu ni na theluji. Msichana aliyelala Masindi akazinduka katika kasri lenye theluji madirishani, miongoni mwa watu wasio na lugha, wasio na dini, wala mwaka, amekwenda mahali ambapo hapana jambo liwezalo kumpata kwa kweli.

Yafaa basi tuitazame kazi moja iliyofuata njia nyingine. Ni Bupphesanniwat, riwaya ya mwandishi wa Thailand atumiaye jina la Rompaeng, iliyofanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2018. Jina hilo lina asili ya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, na maana yake ni kuishi pamoja katika maisha yaliyotangulia. Kadesurang, msichana aliyesomea elimu ya mambo ya kale, anakufa katika ajali ya gari. Roho yake inaingia katika mwili wa Karakade, binti mwovu wa ukoo bora katika mji wa Ayutthaya, zama za Mfalme Narai aliyetawala Siam tangu 1656 hadi 1688. Karakade mwenyewe ameuawa na kisomo kilichosomwa ili kumfichua aliyesababisha kifo cha mjakazi.

Hadi hapo kisa ni kile kile cha siku zote. Tofauti inaanza pale msichana anapotambua yuko wapi, kwa maana zama hizo alizisoma vitabuni. Anajua kwamba Kosa Pan atapeleka ujumbe kwa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwaka 1686. Anajua kwamba Phaulkon, Mgiriki aliyepanda hadi kuwa mshauri mkuu wa Narai, atauawa mwaka 1688, na kwamba Petracha atakikalia kiti. Anafanya urafiki na Maria Guyomar, mwanamke mwenye damu ya Kijapani na ya Kireno, ambaye Wathai humtaja hata leo kwa vitamutamu vya kiini cha yai. Na huku wakiongea, anaujua mwaka ambao rafiki yake atafanywa mjane. Katika insha za wanafunzi wetu kuijua kesho ni silaha ya kumshindia adui. Katika kazi hii ni mzigo.

Jambo la pili lawahusu walimu wa lugha zaidi ya watu wengine. Baba yake yule kijana apendwaye ni Phra Horathibodi, ambaye hutajwa kuwa ndiye mtungaji wa Chindamani, kitabu cha kale cha kufundishia Kithai na ushairi wake. Msichana anasema Kithai cha mjini cha leo, na nyumba nzima inamkodolea macho. Sehemu kubwa ya kicheko cha tamthilia, na si haba ya mapenzi yake, imo katika pengo hilo la maneno. Mwaka ule neno ochao, namna ya kale ya kusema “wewe”, lilirudi midomoni mwa watu, na wengi wakavaa mavazi ya zamani kwenda kuyatembelea magofu ya hekalu la Wat Chaiwatthanaram. Ni waalimu wangapi wamewahi kuufufua msamiati namna hiyo?

Hata hivyo kazi hii ina doa. Ayutthaya tunayoionyeshwa ni ya ua wa wakubwa. Wajakazi wa Karakade ni watumwa, nao wamewekwa pale ili watuchekeshe. Ilhali utumwa wa Siam haukukomeshwa kabisa hadi 1905. Msichana wa leo, mwenye elimu yake, anawafundisha kuchuja maji na kuchoma nyama kwa mtindo mpya, bali hasumbuki sana na hali yao. Mwandishi ameikopa historia kwa uaminifu katika majina na miaka, akaipunguza pale ilipouma.

Turudi kwetu. Je, mwanafunzi wa Bunyoro achukue gurudumu la maisha la Wabuddha alisimike ukingoni mwa Mto Katonga? Hapana haja. Masimulizi ya Kitara yanayo mapenzi yake yanayovuka kaburi. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alitaka kuchanjiana na Mfalme Isaza. Isaza akamhadaa kwa kumtoa Bukuku, mlinzi wa mlango, achanjiwe badala yake. Nyamiyonga akamtuma binti yake Nyamata, mzuri kupita kiasi, akaolewa na Isaza, kisha akarudi kwao na mimba. Baadaye zikatumwa ng'ombe, na Isaza akazifuata hadi kuzimu asitoke tena. Mjukuu wake ndiye Ndahura wa Wachwezi, nao Wachwezi hawakufa: walitoweka, wakabaki kuwa mizimu inayowapanda waganga wao.

Tazama basi jinsi mambo yanavyogeuka. Kule Siam roho ya aliye hai leo inaingia mwili wa zamani. Hapa wa zamani ndiye humwingia aliye hai. Atakayeandika kwa mkono wa kwetu hana budi kuanza na mgeuko huo, na msichana wake hatakwenda popote. Atabaki jikoni kwa mama yake, na mgeni atamjia.

Na lugha? Wanyoro wanayo majina ya heshima, empaako, ambayo UNESCO iliyatia mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Salamu ya heshima haikamiliki bila hilo jina. Mwanafunzi wetu mmoja ameanza hadithi yake hapo: mama anamwita bintiye “Abwooli” mara tatu, binti hageuki, bibi anapita uani, anamtazama kwa muda, kisha anaita “Akiiki”, na binti anaitika. Ameleta kurasa nne, na theluji haimo.