Pongezi kwa Watumishi wa Reli ya Tanga

Wanastahiki shukrani njema watumishi wa Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 hata ikafika Moshi mwaka 1911, na ambayo safari zake za abiria kutoka Dar es Salaam zilifufuliwa mwaka 2019. Mzazi ampelekaye stesheni ya Korogwe mtoto mdogo mwenye mahaba ya treni, apande naye behewa mpaka Mombo, chini ya milima ya Usambara, humpa furaha na elimu kwa pamoja. Kwani huko mtoto humwona dereva, mkaguzi wa tiketi na gadi, kila mmoja akitimiza wajibu wake kwa wakati wake, akafahamu kwamba roho za abiria ni amana mikononi mwao.