Tikiti Ndani ya Gunia

Ukisema tikiti maji linaweza kuzaa Gatwekera, ndani ya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, kati ya mtaro na ukuta wa mabati, utaulizwa shamba liko wapi. Shamba limesimama wima mlangoni. Ni gunia.

Ufundi huu ulishika kasi Kibera kuanzia 2008. Mwanzoni mwa mwaka huo, ghasia za baada ya uchaguzi zilifunga barabara, reli ikang'olewa papo hapo mtaani, na mboga zikaadimika vibandani. Shirika la Kifaransa la Solidarités International likaja na miche na mafunzo ya bustani za magunia, na sukuma wiki, spinachi na kunde zikaota mbele ya vyumba vya futi kumi kwa kumi. Kaunti ya Nairobi ilipata sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Akina mama wa magunia walikuwa wamekwisha kuvuna.

Wengi husifu majani. Mimi nasifu mawe ya katikati, ambayo hakuna anayeyaona. Mkebe wa mafuta ya kupikia hutolewa kitako, ukasimamishwa ndani ya gunia na kujazwa kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi humwagwa kuuzunguka. Udongo ukikaribia ukingo, mkebe huvutwa juu taratibu, mawe yakabaki, kazi ikaanza upya. Gunia likijaa lina mgongo wa mawe toka chini hadi juu. Maji hushukia humo na kuifikia mizizi yote, ya chini na ya juu. Pasipo mawe, juu huwa matope na chini vumbi. Na pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, kumwaga yasikofika ni hasara kubwa. Aliyebuni mgongo huu alijua thamani ya maji.

Sukuma husamehe mengi. Tikiti halisamehe. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na Julai yake ina baridi, ilhali mmea huu unataka joto. Ndiyo maana vipande tunavyokula kwenye steji za Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, hutoka sehemu kama Makueni na Kajiado. Kwa hiyo mbegu iingie udongoni Desemba, ili tunda linenepe katika jua la Februari na kuiva kabla ya mvua za masika. Chagua aina ya Sugar Baby, ambayo matunda yake ni madogo, na uache mche mmoja tu kwa gunia.

Wala tikiti si geni kabisa hapa. Mwaka 2021 watafiti wa jenetiki walionyesha kwamba jamaa wa karibu zaidi wa tikiti tunalolima ni lile la Kordofan, Sudan. Na Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi, ambao asili yao ni Sudan hiyohiyo. Sisemi walikuja na mbegu mifukoni. Lakini nikipita Makina, sehemu ya Wanubi ndani ya Kibera, hulifurahia jambo hili.

Kazi nzuri kuliko zote ni ya asubuhi. Ua la kike lina kitunda kidogo chenye manyoya nyuma yake, nalo hufunguka asubuhi moja tu; ikifika alasiri limejifunga. Nyuki wakiwa wachache, unachuma ua la kiume, unakunja petali zake nyuma, na kupaka chavua katikati ya lile la kike kwa mkono mwepesi. Kitunda kikianza kuvimba, mtambaa hupandishwa kwenye nguzo na tunda hutiwa katika wavu uliokuja na vitunguu, ufungwe kwenye nguzo ili uzito usikate shina.

Usivune kwa hamu. Ngoja kile kiuzi kilichojisokota karibu na kikonyo kikauke. Ukigonga, sauti iwe nzito ya ndani. Na ukishakula, katika udongo ule usipande tikiti tena msimu ujao, maana mnyauko hubaki humo. Ongeza samadi, toboa ubavu wa gunia, rudisha sukuma.