Upokezi wa Kazi za Baadaye za David Maillu: Tatizo la Kipimo

Kwa mujibu wa Hans Robert Jauss, msomaji huikabili kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kusoma. Kwa mwandishi mashuhuri, upeo huo huwa kifungo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), wasomaji waliozoea uhalisia wa Rosa Mistika (1971) waliona fumbo tupu. Hata hivyo, Kezilahabi alipata wahakiki waliolifumbua fumbo hilo. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni (1939), hajapata wa kiasi hicho.

Umaarufu wa Maillu ulitokana na tungo za Kiingereza alizozichapisha mwenyewe chini ya Comb Books, hasa My Dear Bottle (1973) na After 4:30 (1974). Ziliuzika mno, zikashutumiwa kuwa za matusi, na mwaka 1976 kazi zake zikapigwa marufuku Tanzania. Tangu hapo jina lake limekuwa chapa. Broken Drum (1991), riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000 kuhusu historia ya Wakamba, huonekana kama toba ya mwandishi aliyeacha anasa akageukia mila.

Ushahidi hauafiki dhana hiyo. Kitabu cha kwanza cha Maillu, Ki Kyambonie (1972), kiliandikwa kwa Kikamba. Aidha, tungo zilizoshutumiwa zimejengwa juu ya usemaji: mlevi huisemesha chupa yake, naye mfanyakazi wa ofisini hulalamika mbele ya hadhira asiyoiona. Mwelekeo wa kwenda kwa Wakamba na kwa sauti ya mdomo ulikuwapo tangu mwanzo. Kitui inatoa mfano sambamba. John Mbiti, mzaliwa wa Mulago, alianza kwa hadithi ya Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake (1954), akasifika ulimwenguni kwa vitabu vya Kiingereza, kisha akatoa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba mwaka 2014. Kwa wote wawili, kipindi cha umaarufu ni sehemu tu ya safari. Kosa ni kukifanya kipimo cha safari nzima.

Sababu ya pili inahusu idara za fasihi zenyewe. Without Kiinua Mgongo (1989) imeandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza vilivyochanganywa. Kiinua mgongo ni haki ya mfanyakazi anapoacha kazi, na nchini Kenya mfanyakazi huagizwa, hukaripiwa na hufukuzwa kwa lugha hizo mbili kwa pamoja. Mchanganyiko huo, basi, ni sehemu ya maudhui. Lakini idara ya Kiswahili huweza kuiona kazi hii kuwa ya Kiingereza, na ile ya Kiingereza ikaiona kuwa Kiswahili kibovu. Kazi isiyofundishwa haihakikiwi, na isiyohakikiwa huhukumiwa kwa sifa za zamani za mtunzi wake.

Haya hayamaanishi kwamba kila kazi ya baadaye ni bora. Urefu wa Broken Drum unastahili kuhojiwa, na uchanganyaji wa ndimi unaweza kuwa uzembe kama unavyoweza kuwa ufundi. Lakini hukumu hiyo haina budi kutokana na matini yenyewe. Mhakiki anayempima Maillu wa 1991 kwa Maillu wa 1974, bila kumsoma yule wa 1972, anahakiki uvumi.